Kukimbia madeni na kukimbia barabarani ni vitu viwili



Huku mtaani neno "kukimbia" lina sifa mbaya. Ukisikia "yule wa frem ya kona kakimbia", hakuna anayeuliza kakimbia kilomita ngapi. Unajua tu kwamba kafunga duka usiku, kapakia vitu kwenye guta, simu haipatikani, na Jumatatu akina mama wa kikundi watakaa kwenye ngazi ya duka lake kusubiri marejesho ambayo hayaji. Tangu nianze biashara nimeona watatu wameondoka hivyo. Mmoja aliacha mke na mtoto mchanga. Hawakuwa wezi hata kidogo. Walikuwa watu wa kawaida waliofika mahali kichwa kikagoma.

Leo naongelea kukimbia kule kwingine, kwa raba na jasho, saa 11 na nusu alfajiri kabla mkate haujaletwa. Najua wapo watakaosema, "Dada, mimi nadaiwa laki nane, unaniambia nikafanye mazoezi?" Ndiyo, nakuambia wewe hasa. Mwenye mambo yake safi hii mada anaweza kuipita.

Nianze na hesabu, maana humu ndani tunaelewana kwa hesabu.

Barabara ya mbele ya duka langu ilichimbwa. Tuliambiwa wiki 6, ikakaa miezi 5. Greda lilipita, likaacha mtaro mkubwa kati yangu na wateja, likaenda zake. Ukimuuliza mkandarasi jibu lilikuwa moja, "subirini". Kabla ya hapo nilikuwa nauza laki na 80 kwa siku, siku nzuri laki mbili. Mwezi wa kwanza wa mtaro mauzo yakashuka mpaka elfu 90. Mwezi wa tatu nafunga duka na elfu 45, na hapo nasema mauzo, sijasema faida. Duka la sukari ya kupima na sabuni za vipande, ukiuza elfu 45 unabaki na elfu 5 hivi. Wiki nzima elfu 35. Marejesho yangu ya kikundi yalikuwa elfu 55 kila Jumatatu. Yaani hata nisile, nisinywe, nisipande bodaboda, kila Jumatatu nina pengo la elfu 20, na kodi ya frem bado inakuja. Pengo hilo unaliziba kwa kula mtaji. Leo unauza katoni ya mafuta huirudishi, kesho mfuko wa sembe hurudishi, na rafu zinaanza kuonekana mbao.

Mchana nilikuwa nacheka na wateja wawili watatu waliobaki. Usiku ndio shughuli. Saa 8 usiku niko macho, nazungusha elfu 20 ile ile kichwani kama vile nikiizungusha sana itazaa. Moyo unadunda, mikono baridi, tumbo limejikunja. Asubuhi nimechoka kuliko nilivyolala. Mteja akiniuliza tu "mbona sukari imepanda?" namjibu vibaya. Na mteja uliyemjibu vibaya wakati wa shida ndiye anayehamia duka jingine moja kwa moja.

Sasa hapa ndipo penye siri ya mwili, na mimi nilikuja kuielewa baada ya kuanza mazoezi. Binadamu akiogopa, mwili unamwaga homoni, adrenalini na kotisoli. Moyo unaenda mbio, damu inakimbilia kwenye misuli, sukari inaingia kwenye damu. Ni maandalizi ya kupigana au kutimua mbio. Mwili haujui tofauti ya simba na mwenyekiti wa kikundi. Ukiona namba yake kwenye simu, unaandaliwa kukimbia vilevile. Alafu sisi wa dukani tunafanya nini? Tunakaa kwenye stuli nyuma ya kaunta masaa 14. Mwili umeshawashwa kama pikipiki, na hauendi popote, unaunguruma tu hapo hapo. Siku moja utavumilia. Miezi mitatu mfululizo, usingizi unakata, kichwa kinauma, hasira zinakuwa karibu, na hata hesabu ya chenji inakushinda.

Ukikimbia unautumia ule moto kwa kazi uliowashiwa. Ukimaliza, moyo unashuka, misuli inalegea, na usiku usingizi unakuja wenyewe bila kubembelezwa. Hakuna uganga hapo.

Mimi sikuanza kwa sababu nimesoma mahali. Mitaa mingi ya Dar ina vikundi vya jogging, watu wa Temeke na Mbagala mnajua. Jumapili alfajiri wanapita na jezi zao wakiimba, wengine vijana, wengine mabibi kabisa. Cha kwetu kilikuwa kinasimama dukani kwangu kununua maji. Mama mmoja wa genge, ambaye ananunua kwangu chumvi na viberiti, aliniangalia akasema, "Mwanangu, macho yako yamekuwa kama ya mgonjwa. Jumapili ijayo usiuze maji, njoo tukimbie, maji atauza mdogo wako." Nikamwambia mama, nina shida za hela, sina shida za mazoezi. Akacheka. "Na sisi hapa nani hana shida za hela?"

Nikaenda, kwa aibu zaidi kuliko kwa hamu.

Wengi tuliopita shule za msingi za serikali tulikimbia mchakamchaka asubuhi kabla ya kwenda mstarini. Kwa hiyo mwili unakumbuka, ila unakumbuka vibaya: roho inataka, mapafu hayataki. Ile Jumapili ya kwanza nusu ya njia nilitembea. Hakuna aliyenicheka. Na kuna kitu nilikigundua kuhusu zile nyimbo. Watu wanadhani ni shamrashamra tu. Kumbe wimbo ndio spidi gavana. Huwezi kuitikia wimbo huku unakata pumzi, kwa hiyo kikundi kizima kinalazimika kwenda mwendo ambao mtu anaweza kuimba. Ukiwa peke yako pima hivyo hivyo: uweze kuongea sentensi nzima bila kuhema katikati. Ukishindwa, punguza. Hata ikiwa mwendo wako unapitwa na mtu anayewahi daladala, punguza.

Wiki ya pili nikaongeza Jumanne na Alhamisi, mimi na binti mmoja wa saluni. Dakika 25 tu. Simu naiacha nyumbani kwenye chaji, na hili nalisisitiza kuliko raba. Ukikimbia na simu, mdai anakukuta barabarani. Zile dakika 25 zilikuwa muda pekee kwenye siku yangu ambao hakuna mtu aliyeweza kunidai, kunikopa wala kuniuliza bei.

Kilichotokea wiki ya tatu ndicho kilichonifanya niandike hii makala. Tulibadilisha njia, tukapita kichochoro cha nyuma cha msikitini, saa 12 kasoro. Nikakuta watu wamejaa! Wanafunzi, walinzi wanatoka lindo, akina mama wanaokwenda sokoni, mafundi. Watu wangu. Wale wale waliokuwa wakipita mbele ya duka langu kabla ya mtaro. Nilikuwa nimekaa miezi mitatu nyuma ya kaunta nikiamini wateja wameisha hela, kumbe wamebadilisha njia tu, wanazunguka nyuma kukwepa matope. Wiki ile ile nikaomba kibali kwa mwenye nyumba mmoja pale, nikaweka meza. Mkate, maandazi ya jirani yangu kwa kamisheni, vocha, sabuni ndogo, maji. Saa 12 mpaka saa 3 asubuhi, alafu narudi dukani. Siku ya kwanza nikauza elfu 22. Ilipofika mwisho wa mwezi meza peke yake ilikuwa inaingiza elfu 40 kwa siku.

Sisemi ukikimbia utaokota wateja. Nasema mtu wa duka akipata shida anajifungia dukani, na dukani huoni kitu zaidi ya mlango wako. Ukitoka kwa miguu yako, mapema, ukiwa na kichwa kilichopumzika, unaona mtaa unavyotembea. Nani kafungua mapema, nani kafunga, mzigo gani unashushwa wapi, watu wanaelekea wapi. Kwa sisi wafanyabiashara hiyo ni taarifa, na ni ya bure.

La pili lilikuwa gumu zaidi. Nilijua kwamba hata na meza, Jumatatu mbili zijazo sitafikisha 55. Nilikuwa na njia tatu: kukopa kausha damu kulipa kikundi, kuzima simu, au kwenda kwa mwenyekiti kabla siku haijafika. Hilo la mwisho nilikuwa nalijua tangu mwezi wa kwanza, kulifanya ndio kazi. Sasa Jumapili moja baada ya jogging, jasho halijakauka, nikapitiliza moja kwa moja mpaka kwake. Nikamsalimia, "Shikamoo mama." "Marahaba, leo una nini na majasho hayo?" Nikamweleza yote, nikamwonyesha daftari la mauzo la miezi minne, nikamwambia mtaro anaujua. Nikaomba nilipe elfu 30 kwa wiki mpaka barabara ifunguke, deni liongezeke muda. Hakukubali papo hapo. Alipeleka kwenye kikao, wakanibana maswali, mmoja akasema maneno makali. Mwisho wakakubali 35. Nafuu ya elfu 20 kwa wiki, lile pengo langu lote.

Ningeenda kwa mama yule Jumatano saa 4 usiku, nikiwa nimetoka kuzungusha hesabu kitandani, nahisi ningelia mlangoni au nisingegonga kabisa. Nilivyotoka kukimbia moyo ulikuwa umeshadunda na umeshatulia, sauti ilikuwa yangu. Siku hizi hiyo nimeifanya kanuni: mazungumzo magumu ya hela nayaweka baada ya mazoezi, na uamuzi wowote wa hela niliouwaza saa 8 usiku ni lazima ulale mpaka nikakimbie nao kwanza. Kama bado ni mzuri kilomita ya pili, naufanya.

Kuhusu mwendo, Watanzania hatuna haja ya kutafuta mifano mbali. Filbert Bayi mwaka 1974 kule Christchurch, New Zealand, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, aliongoza mbio za mita 1500 tangu mwanzo mpaka mwisho, akavunja rekodi ya dunia kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Maajabu, na wewe usiyajaribu. Wanaoanza mazoezi wengi wanatoka kama Bayi, mita 300 wanashika kiuno, wanarudi nyumbani wanasema "haya mambo hayanifai".

Wa kwangu mimi ni John Stephen Akhwari, mzee wa Mbulu. Olimpiki ya Mexico City, 1968, kwenye marathon alianguka akaumia goti. Akafungwa bandeji, akaendelea akichechemea. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alitumia saa 2 na dakika 20. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa nzima baadaye, giza limeshaingia, wa mwisho kati ya 57 waliomaliza. Walioanza walikuwa 75. Kila semina ya ujasiriamali inamtumia huyu mzee kutuambia tusikate tamaa, sawa. Ila kuna kipande wanakiruka, na mimi ndicho ninachokipenda: miaka 2 baadaye, 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh, alishika nafasi ya 5 kwenye marathon. Yaani ile 1968 ilikuwa siku yake mbaya tu. Goti lilipona akaendelea na kazi yake. Mwezi ule wa elfu 45 nilikuwa namfikiria sana. (Na Septemba 2025, Alphonce Simbu alipochukua dhahabu ya dunia Tokyo kwa kumpita Mjerumani pale pale kwenye mstari, jogging yetu ilishangilia kama kazaliwa mtaani kwetu. Shaba yake ya dunia alikuwa ameipata London 2017. Hesabu miaka hapo katikati.)

Sasa ya kufanya, kwa mtu wa duka, genge au meza.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, kama kutembea kwa haraka, au dakika 75 mpaka 150 za mazoezi ya kutoa jasho hasa kama kukimbia. Kwa hiyo dakika 25 mara tatu kwa wiki unaingia kwenye hesabu. Wiki mbili za mwanzo kimbia dakika 1, tembea dakika 2, rudia mara 8. Wiki ya tatu lingana, dakika 2 kwa 2. Usiongeze kwa sababu jirani kaongeza. Magoti yakiuma, pumzika siku mbili.

Muda wa asubuhi ni mzuri kwa sisi kwa sababu jioni ndio mauzo. Muuza chipsi anayefunga saa 6 usiku asijitese na alfajiri, akimbie saa 4 asubuhi au saa 10 jioni kabla hajawasha jiko. Mama lishe anayesimama tangu saa 11 alfajiri miguu yake imeshafanya kazi, yeye kutembea haraka dakika 20 bila ndoo kichwani kunamtosha. Hiyo "bila ndoo" ni muhimu, maana kutembea ukiwa umebeba kazi hakupumzishi kichwa.

Raba, usinunue mpya za bei. Mimi zangu ni mtumba, elfu 18, nilichagua kwa kukunja soli: ikunjike mbele kwenye vidole, isikunjike katikati, na kisigino kisiwe kimelika upande mmoja. Iwe na nafasi ya kidole gumba mbele. Akina dada, sidiria inayobana ni muhimu kuliko raba, na dera si vazi la kukimbia, litakuangusha. Suruali ya kulegea na mtandio uliofungwa vizuri vinatosha, sisi wengi tunavaa hivyo. Na msikimbie peke yenu gizani. Wawili au zaidi, njia yenye watu, pembeni upande ambao magari yanakuja yakikutazama.

Mwenye presha, sukari, pumu au moyo, aanzie zahanati akapimwe ndipo aanze. Kifua kikibana au kizunguzungu kikija, simama hapo hapo, usijikaze.

Alafu niseme na upande wa pili, kwa sababu nimeuona. Kuna jamaa alikuwa anakimbia masaa mawili kila siku, duka anafungua saa 4, wateja wameshanunua kwa mwingine. Ukimuuliza anasema anaondoa mawazo. Huyo bado anakimbia madeni, kavaa raba tu. Wengine wanaingia kwenye hizi marathon za kila wikendi, jezi, medali, picha, na kiingilio ambacho ni trei kadhaa za mayai. Kama biashara imesimama vizuri, nenda, ni furaha. Kama unadaiwa, barabara ya mtaani haina kiingilio.

Na kuna hali ambayo kukimbia hakutoshi. Ukiona wiki mbili zimepita hulali, huli, hutaki kuona mtu, hata kitu ulichokuwa unakipenda hakina ladha, au umeanza kuwaza kwamba bora usingekuwepo, hiyo ni ya hospitali. Nenda hospitali ya wilaya, mweleze daktari hivyo hivyo ulivyo. Watu wanaogopa wataambiwa wapelekwe Mirembe. Sivyo, wengi wanaongea na daktari, wanapewa ushauri au dawa, wanarudi kufungua duka. Na kama ni rafiki yako ndiye kaanza kuongea hivyo, usimwachie alale peke yake na hesabu zake. Mfuate, hata saa 8 usiku, kesho yake mpeleke.

Barabara yetu sasa ina lami. Mauzo yamerudi laki na 60, bado hayajafika yalipokuwa, ila meza ya msikitini nimeiacha ibaki, mdogo wangu ndiye anakaa. Deni la kikundi nimebakiza marejesho 6. Masika yakianza kichochoro kinakuwa dimbwi na jogging inapungua watu, siku hizo naruka kamba nyuma ya duka, dakika 10, napumzika, dakika 10 tena. Kamba ni ile ya katani tunayouza kwa mita. Kata mita 2 na nusu, funga fundo kila upande.